MAWE MAWILI NDUGU: HISTORIA YA KUTENGA FOSFETI NA CHOKAA KWA POVU



Kila tunapofika vijijini sisi mabwana shamba na mabibi shamba, hakosi mtu wa kuuliza swali hili: "Mnatuambia mbolea ya kupandia inatengenezwa kwa mawe. Mawe yapo kila mlima. Sasa mbona mfuko ni ghali namna hii?" Swali ni la haki. Bei ya mfuko ina mambo mengi ndani yake: meli, mafuta, salfa, malori, na faida ya kila mkono unaopitia. Leo tuchukue jambo moja tu ambalo halisemwi sana, nalo ni kazi ya kulitoa jiwe la fosfeti ndani ya jiwe la chokaa. Kazi hiyo iliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na waliofaulu walifaulu kwa sabuni na unga wa mahindi. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Tuanze na mawe yenyewe. Mbolea zote za fosfeti, iwe DAP, iwe TSP, iwe ile ya Minjingu, asili yake ni jiwe liitwalo apataiti. Ndani ya apataiti mna kalsiamu na fosforasi, na hiyo fosforasi ndiyo inayotafutwa na mizizi ya mahindi yako. Jiwe la pili linaitwa kalsaiti, nalo ndilo jiwe la chokaa. Hili nalo lina kalsiamu, lakini badala ya fosforasi lina kaboni. Basi yahesabu mawe haya kuwa ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Baba ni kalsiamu, na sura ya baba wameichukua wote wawili.

Hapa Afrika Mashariki fosfeti nyingi ya milimani imo katika mawe ya volkeno za kale sana, yanayoitwa kabonatiti. Humo punje za apataiti zimetapakaa ndani ya kalsaiti kama mtama mweupe uliomwagika katika gunia la mchele. Tena ni punje ndogo. Ni lazima jiwe lisagwe mpaka liwe kama mchanga laini ndipo ziachane. Je, huwezi kuzipepeta? Ungo hutenga kizito na chepesi. Kalsaiti ina uzito wa mara 2.7 ya maji, na apataiti mara 3.2. Tofauti ni ndogo mno kwa punje za unga namna hiyo. Sumaku nayo haishiki hata moja kati ya hizo mbili.

Na kwa nini zisiachwe pamoja? Hapa inabidi turudi nyuma hadi Uingereza. Mwaka 1842 John Bennet Lawes, mwenye shamba la Rothamsted, alipata hati ya serikali ya kutengeneza mbolea kwa kumimina tindikali ya salfa juu ya mifupa na mawe ya fosfeti. Tindikali hiyo ni ile ile ya betri za magari. Fosfeti iliyokuwa ngumu ikageuka kuwa ya kuyeyuka majini, na mimea ikaipata upesi. Huo ndio mwanzo wa superfosfeti. Lakini tindikali haichagui. Jiwe likiwa na chokaa ndani yake, kilo 100 za kalsaiti hula kilo 98 za tindikali safi, karibu kilo kwa kilo, na unachobaki nacho ni jasi na hewa inayotoka kwa povu. Mbolea hakuna. Tindikali ni fedha. Mwenye kiwanda akipika jiwe lenye chokaa nyingi anamwaga fedha chini, na mwisho wa safari anayelipa ni wewe. Ndiyo maana viwanda vikataka jiwe lililokwisha kusafishwa, lenye P2O5 ya asilimia 30 au zaidi. (P2O5 ni kile kipimo cha fosfeti unachokiona kwenye maandishi ya mfuko. Katika TSP ni asilimia 46 hivi.) Jiwe la kabonatiti linapotoka mlimani mara nyingi halifiki hata asilimia 10.

Njia ya povu haikubuniwa kwa ajili ya mkulima. Waliianzisha watu wa machimbo ya madini. Mwaka 1860 Mwingereza William Haynes aliandikisha kwamba mafuta hushika madini fulani na kuacha mchanga. Mwaka 1877 ndugu wawili wa ukoo wa Bessel, huko Dresden, Ujerumani, walitumia mafuta na mapovu ya maji yanayochemka kuinua grafiti, kile kitu cheusi cha ndani ya penseli. Mwaka 1886 mama mmoja wa Marekani, Carrie Everson, akapata hati yake ya kutumia mafuta pamoja na tindikali. Mama huyo hakutajirika kwa hati hiyo. Kisha mambo yakahamia Australia, katika machimbo ya Broken Hill, ambako zinki nyingi ilikuwa imelala katika milima ya takataka za mgodi kwa kukosa njia ya kuitoa. Mmoja wa waliopata njia alikuwa Charles Potter, mpikaji bia wa Melbourne. Yeye alitia tindikali katika mawe ya pale, yenye kalsaiti ndani yake. Kalsaiti ikatoa hewa, hewa ikawa mapovu, mapovu yakainua zinki. Mtu wa bia kulijua povu, hilo si ajabu! Ila angalia: pale kalsaiti ilikuwa msaidizi. Kwetu sisi ndiyo adui. Mwaka 1905 wataalamu wa kampuni moja ya London wakatengeneza mambo vizuri zaidi: mafuta kidogo sana, hewa nyingi, na maji yanayopigwa kwa nguvu.

Namna inavyofanya kazi unaweza kuielewa ukiwa shambani kwako. Mwagia maji jani la gimbi. Yatajikunja kuwa matone na kuteleza, hayashiki. Mwagia jani la maharage, mengine yatatanda. Jani la gimbi linakataa maji. Sasa chukua unga wa jiwe ndani ya pipa la maji. Ukiweza kuzifanya punje za aina moja zikatae maji kama gimbi, halafu ukapuliza hewa kutoka chini, punje hizo zitang'ang'ania mapovu na kupanda nayo juu. Zile zinazokubali maji zitabaki chini. Unakomba povu kama unavyokomba povu la maharage jikoni, na mzigo wako umo ndani ya povu. Dawa inayozifanya punje zikatae maji tutaiita dawa ya kushika. Inayozizuia zisipande tutaiita dawa ya kuzuia.

Dawa ya kushika inayofaa kwa fosfeti ni jamaa ya sabuni: tindikali za mafuta ya mimea, au mafuta yanayopatikana katika viwanda vya karatasi za misonobari. Huko Florida, Marekani, walianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1942 Arthur Crago akapata hati ya njia ya povu mara mbili. Mara ya kwanza alitia dawa ya sabuni pamoja na mafuta mazito ya mitambo, maana mchanganyiko ulikuwa rahisi na ulishika kuliko sabuni peke yake. Fosfeti ikapanda. Kisha aliiosha kwa tindikali, akatia dawa nyingine ya kuinua mchanga uliokuwa umepanda pamoja nayo. Njia hiyo ililisha viwanda vya mbolea kwa miongo mingi. Lakini Florida walikuwa wakitenga fosfeti na mchanga, na mchanga hauna kalsiamu. Sabuni haina haja nao. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Sasa njoo kwenye ndugu wawili. Akina mama watanielewa upesi hapa. Kuna visima ambavyo ukifulia maji yake sabuni haitoi povu. Inaganda vipande vyeupe vinavyoshika nguo. Tunayaita maji magumu. Ugumu huo ni kalsiamu: sabuni ikiiona kalsiamu huikamata na haiachi. Basi ndani ya pipa la kiwanda mambo ni hayo hayo. Sabuni haitazami kama kalsiamu hii ni ya apataiti au ya kalsaiti. Inamkumbatia kila mtoto wa baba. Yote mawili yanakataa maji, yote mawili yanapanda, na povu unalolikomba ni jiwe lile lile uliloanza nalo, limelowa tu.

Tena kuna ubaya zaidi. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mawe haya hayakai kimya majini. Kila moja huyeyuka kidogo sana, na kile kilichoyeyuka huenda kutua juu ya jingine. Punje ya kalsaiti hupata ngozi ya fosfeti, na punje ya apataiti hupata ngozi ya chokaa. Yanavaliana nguo! Hata dawa nzuri inaweza kupotea njia hapo.

Kwa hiyo milima ya kabonatiti ilibaki ikitazamwa kwa macho. Iliyobadili mambo ilikuwa Brazili. Katika jimbo la São Paulo pana mahali panapoitwa Jacupiranga. Tangu miaka ya 1940 walikuwa wakichimba fosfeti ya udongo wa juu, ambako mvua ya maelfu ya miaka ilikwisha kuondoa chokaa. Udongo ule ulikuwa na mwisho wake. Chini yake palibaki jiwe gumu, kabonatiti yenye P2O5 ya asilimia 5 hivi, na nyingine karibu yote ni kalsaiti. Nchi ile ilikuwa na mashamba makubwa na ilikuwa ikinunua fosfeti kutoka nje. Ama walitenge jiwe lile, ama waendelee kupanga foleni bandarini.

Kazi ikaongozwa na mhandisi wa machimbo, Profesa Paulo Abib Andery wa Chuo Kikuu cha São Paulo, katika miaka ya 1960. Alichofanya ni kutotegemea dawa moja. Alichanganya. Alipika wanga wa mahindi kwa kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni, mpaka ukawa kama uji mlaini. Uji huo ulitiwa kwanza katika maji yaliyofanywa makali kwa soda, kinyume cha tindikali. Wanga ni kitu kirefu chenye mikono mingi, na mikono yake inapenda maji. Uliwahi kuzishika punje za kalsaiti kuliko za apataiti, ukazivika koti la kupenda maji. Baada ya hapo ndipo dawa ya sabuni ilipotiwa. Sabuni ilipofika ilikuta kalsaiti imekwisha kufunikwa, ikaenda kwa apataiti iliyokuwa wazi. Hewa ikapulizwa. Apataiti ikapanda, kalsaiti ikabaki chini.

Ukigeuza mpango, ukatanguliza sabuni kabla ya uji, unajiharibia. Mpishi yeyote anajua kwamba vitu vile vile, vikiingia chunguni kwa mpango mwingine, vinatoa chakula kingine.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 kiwanda kilikuwa kikifanya kazi. Jiwe liliingia na asilimia 5 likatoka na asilimia 35 hivi. Wachimbaji wa mbolea wa nchi nyingine walikwenda kutazama. Na kalsaiti iliyobaki chini haikutupwa yote: ilipelekwa kwa kiwanda cha saruji kilichojengwa jirani. Hapo nadhani walitumia akili kuliko wengi, maana takataka za mgodi kwa kawaida hugeuka kuwa mlima mwingine wa kuwasumbua wajukuu.

Kuna jambo moja katika habari ya unga ambalo sharti nilitaje, maana litawafurahisha wenye mashine za kusaga. Wabrazili katika machimbo mengine ya fosfeti waliona kwamba si lazima kununua wanga safi wa bei kubwa. Unga wa mahindi wa kawaida unatosha. Ila uwe umekobolewa. Kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta hayo yakizidi huua povu. Kwa maneno yetu: kiwandani sembe inafaa, dona haifai. Tumboni mwa mtoto wako ni kinyume chake, tafadhali usichanganye habari hizi mbili.

Si kwamba njia hiyo ndiyo pekee. Ukoo wa kalsiamu una mawe mengine, kwa mfano fluospa, ambayo ilichimbwa kwa miaka mingi katika Bonde la Kerio huko Kenya. Duniani, wanaotenga fluospa na kalsaiti hutumia sana tanini kuizuia kalsaiti. Tanini ni ile dawa ya kulainishia ngozi itokanayo na magome ya miti, na miwati inayopandwa Njombe ni mojawapo ya miti yenye tanini nyingi. Wengine hutia silikati ya soda. Wamarekani nao, katika taasisi ya TVA iliyojulikana kwa utafiti wa mbolea, waliigeuza kazi yote juu chini. Mwaka 1981 walipata hati ya njia ya kuizuia apataiti ibaki chini na kuinua kalsaiti. Mawe ya fosfeti yaliyotokana na tope la bahari mara nyingi husikia njia hiyo ya kugeuza kuliko ile ya uji. Hakuna dawa moja ya milima yote. Jiwe la mlima huu linaweza kukataa dawa iliyokubaliwa na jiwe la mlima ule, na maji ya kisima yakiwa magumu yanaharibu hesabu tena.

Na kwetu je? Uganda, karibu na Tororo, kuna vilima vya Sukulu. Ni kabonatiti. Pale mvua ndiyo iliyofanya kazi ya uji na sabuni: iliyeyusha kalsaiti kwa muda mrefu usiohesabika, ikaacha udongo mwekundu wenye chuma na apataiti, P2O5 asilimia 11 hadi 13. Kiwanda cha Tororo kilitengeneza superfosfeti kutokana na udongo huo kuanzia miaka ya 1960, kikasimama miaka ya 1970 ilipokaribia kwisha, nchi ilipokuwa katika taabu. Kiwanda kipya kilizinduliwa mwaka 2018. Mji huo huo unajulikana pia kwa saruji yake, itokanayo na mawe ya chokaa ya ukoo ule ule.

Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ni habari nyingine kabisa. Fosfeti ile haikutoka katika volkeno. Ni mavi na mifupa ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Iligunduliwa mwaka 1956, uchimbaji ukaanza 1983, na mwanzoni ilipelekwa Tanga, katika kiwanda cha mbolea kilichokuwa kimeanza kazi mwaka 1972 kwa fosfeti ya kutoka nje. Kiwanda hicho kilifungwa baadaye. Fosfeti ya Minjingu ni laini kuliko ya milimani, na ndiyo maana inaweza kusagwa na kutiwa shambani moja kwa moja. Ya Sukulu au ya Mlima Panda kule Mbeya huwezi kuifanya hivyo, kwani apataiti ya volkeno ni ngumu kuyeyuka. Hata ukiisaga itakaa udongoni kama changarawe.

Hapa ndipo historia hii inapoingia katika shamba lako, ndugu yangu. Wale ndugu wawili wanagombana kiwandani, na shambani wanagombana vile vile. Unga wa Minjingu unahitaji udongo wenye tindikali ili uyeyuke; tindikali ya udongo inafanya kazi ya tindikali ya Bwana Lawes. Chokaa kazi yake ni kuiua tindikali hiyo. Ukimwaga chokaa na unga wa fosfeti pamoja, siku moja, mstari mmoja, chokaa itakula tindikali yote na fosfeti italala. Hiyo ni hasara mara mbili, maana mifuko yote miwili umeinunua. Mahali penye udongo mkali, kama uliopimwa ukaonekana chini ya pH 5.5, tanguliza fosfeti ya unga, ichanganye vizuri na udongo, uiache msimu ipate kuyeyuka, halafu ndipo uzungumze na bwana shamba wako juu ya chokaa. DAP na TSP hazina shida hiyo, kwa sababu zimekwisha kuonja tindikali kiwandani. Na kama udongo wako hauna tindikali, unga wa fosfeti usiununue, hata ukiuzwa rahisi.

Watu huniuliza pia kama kuna njia ya kujua nyumbani kwamba unga mweupe uliouziwa ni fosfeti au ni chokaa. Ipo njia ya kuchunguza kidogo. Weka kijiko kimoja katika sahani, kamulia ndimu au mimina siki. Ukichemka kwa nguvu na kutoa povu jingi, chokaa ni nyingi humo. Ukitoa mapovu machache usimshitaki mwuzaji, kwa sababu hata fosfeti halali ya Minjingu ina kaboneti kidogo ndani yake. Ndimu itakuonyesha chokaa tu. Haiwezi kukuambia fosfeti ni kiasi gani. Hiyo ni kazi ya maabara, na mfuko usioandikwa asilimia ya P2O5 uuache dukani.